Utando Alioufuta Mwanatatu

Mtongwe, ukimtaja Bi Mwanatatu, hakuna atakayekuuliza ni yupi. Ni yule mwanamke mfupi, mzito wa mikono, anayeingia nyumba ya mzazi na ndoo ya maji ya moto kabla mzazi mwenyewe hajamaliza kumshukuru Mungu. Kazi yake kwa miaka ishirini na saba ilikuwa kukanda wazazi na kuogesha watoto wachanga. Mzazi alimkanda tumbo kwa kitambaa cha moto mpaka alie, kisha akamfunga mkaja, kile kitambaa cha kubana tumbo. Mtoto alimlaza juu ya miguu yake aliyoinyoosha sakafuni, akamsugua, akamnyoosha viungo, akampaka mafuta ya nazi. Arubaini nzima alikuja asubuhi na jioni. Chuo hakusoma, alifundishwa na shangazi yake, kwa kutazama.

Jambo moja alilifanya haraka kuliko yote. Watoto wengine huzaliwa wamefunikwa utando mweupe, mzito kama samli iliyoganda, umejazana kwapani, mapajani na kwenye mikunjo ya shingo. Watu walikuwa na maneno yao juu ya utando huo. Walisema ni alama ya mke na mume ambao hawakujizuia miezi ya mwisho, na mavyaa, mama wa mume, akiuona, mkaza mwana wake alisemwa mpaka mtoto ameota meno. Mwanatatu hakujua kama ni kweli au ni uzushi. Alichojua ni kwamba wanawake waliogopa. Basi akajizoesha kuufuta kabla mtu hajaingia chumbani. Sabuni, maji ya moto, kitambaa kigumu kidogo, na mtoto akatoka mwekundu, anang'aa. Wazazi wengi walimshukuru kwa macho tu, na yeye aliuona huo kuwa ndio wema wake mkubwa duniani.

Mwezi wa tatu alimfanyia wema huo Dhahabu, jirani yake wa nyumba ya tatu. Dhahabu alikuwa amekaa miaka sita katika ndoa bila mtoto. Uchungu ulimshika asubuhi moja ghafla, mumewe akakimbilia barabarani kutafuta tuktuki ya kumpeleka hospitali, na aliporudi nayo mtoto alikwishatoka, yuko mikononi mwa Mwanatatu. Mtoto wa kiume, mnene, sauti yake inasikika mpaka kisimani. Na mwili mzima mweupe.

Uani wakasikia mavyaa wa Dhahabu akibisha hodi.

"Bi Mwanatatu," Dhahabu alinong'ona, amemshika kiganja. "Nifutie. Nakuomba kwa Mungu. Asimwone hivi."

"Tulia, mwanangu. Hataona kitu."

Akamsugua. Mtoto alipiga kelele hadi akaishiwa pumzi, lakini mavyaa alipofungua mlango alikuta mjukuu safi kama sahani. Na kwa kuwa Dhahabu hakutokwa na damu nyingi, safari ya hospitali ikaachwa.

Siku ya nne mtoto akakataa ziwa. Mwili ukawa moto, halafu ukawa baridi. Siku ya sita alifia hospitalini, na daktari alimwambia baba yake kwamba vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Watu walisema Mungu amemchukua aliye wake. Mwanatatu alikaa matangani siku tatu, akalia na wenzake, kisha akarudi kwenye ndoo yake. Mwezi huo aliogesha watoto wengine wanne.

Sasa, Mwanatatu alikuwa na binti mmoja tu, Jalila, ameolewa Timbwani na kijana aitwaye Mbwana, nao wanakaa na mama yake Mbwana, Bi Mwanasaumu. Mimba ya Jalila ilikuwa miezi minane kasoro wiki moja. Asubuhi moja, alipokuwa akikanda unga wa mahamri, maji ya uzazi yakamtoka palepale jikoni. Safari hii hakuna aliyesubiri. Mwanatatu aliitwa, na mwenyewe ndiye aliyempakia garini. Katika kazi yake aliwaona watoto waliokuja kabla ya wakati, na wengi wao hakuwaogesha zaidi ya mara tatu.

Kwenye chumba cha kujifungulia hospitalini, Jalila alipokelewa na muuguzi aliyeitwa Sista Mapenzi, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti. Aliruhusu mtu mmoja kukaa na mzazi. Saa nne na robo mtoto akatoka: msichana, kilo moja na gramu mia tisa, vidole kama njiti. Alilia mara moja, sauti ya paka. Naye alifunikwa utando tangu paji la uso hadi nyayo.

Mwanatatu hakufikiri. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Alinyakua kipande cha leso begani akamwinamia mjukuu wake.

"Mama! Usimfute!"

Sauti ile ilimfanya aruke. Sista Mapenzi alimkausha mtoto unyevu kwa kumgusagusa kwa taulo, bila kusugua, akamvisha kofia ya sufu, akamlaza kifuani pa Jalila, ngozi kwa ngozi, na utando wake vilevile. Kisha akamgeukia Mwanatatu, ambaye alikuwa amesimama na leso mkononi kama mtu aliyekamatwa akiiba.

"Nisamehe, mama. Nimekupigia kelele. Lakini huo si uchafu."

"Ni nini basi?"

"Ni ngao yake. Mtoto ameiva nayo tumboni. Ndani ya utando huo mna protini ndogo ndogo mno. Watu wa maabara wanaziita peptidi. Kazi yake ni kuua vijidudu. Kijidudu nacho kina ngozi yake. Hizi zinajipachika kwenye ile ngozi, zinaitoboa, kinavuja, kinakufa."

Mwanatatu alimtazama asiamini. "Kitu kidogo hivyo?"

"Wewe mwenyewe unazo. Kwenye machozi, kwenye mate, kwenye jasho, kwenye ngozi. Chura anashinda kwenye maji ya mtaro na ngozi yake tupu, haozi. Anazo. Nzi anazo. Hata mihogo yako shambani ina za kwake. Kila kilicho hai kimepewa silaha. Lakini mtoto huyu ngozi yake bado nyepesi kama karatasi, na zake nyingi ziko hapo kwenye utando, na kwenye dang'a, hayo maziwa ya mwanzo ya mama yake. Kwa hivyo hatumwogeshi leo. Wala kesho. Mdogo kama huyu tunangoja zaidi."

Jalila alikuwa akitabasamu kwa uchovu, amemfunika mwanawe kwa kiganja. Mwanatatu hakutabasamu. 

"Sista," alisema. "Na akifutwa? Mtoto akifutwa wote, kwa sabuni?"

Muuguzi alikuwa akiirekebisha kofia ya mtoto. "Wengi wamefutwa na wameishi, mama. Ngozi hutengeneza nyingine. Lakini umemfungulia adui mlango siku ambayo mwenye nyumba hana nguvu. Akiwa na bahati, adui hapiti. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Alitoka nje akakaa kwenye benchi la saruji. Aliitazama mikono yake. Akajaribu kuwakumbuka watoto, mmoja baada ya mwingine, waliokataa ziwa siku ya tatu, ya nne, ya tano. Siku zote walikuwapo. Siku zote alisema ni jicho baya, ni upepo, ni siku zimefika. Sasa kila sura iliyomjia alijiuliza: huyu naye nilimsugua? Na mbele yao wote alikuwa mtoto wa Dhahabu, mnene, anapiga kelele chini ya kitambaa.

Saa ya kutazama wagonjwa, mchana, Bi Mwanasaumu akafika. Alikuja na chupa ya mafuta na kitambaa kipya. Alimbusu Jalila, akamfunua mjukuu, na uso wake ukabadilika.

"Haya ndiyo mambo gani?" aliuliza kwa sauti ya chini iliyosikika vitanda vitatu. "Mtoto ameachwa na aibu yake hadharani? Na bibi yake ndiye mwogeshaji wa Mtongwe nzima!"

Jalila aligeuza uso ukutani. Bi Mwanasaumu alikuwa amekwisha kulowesha kitambaa kwa mafuta ya ile chupa. Mwanatatu akamshika mkono.

"Mkwe, hapana. Sista amekataza."

"Sista hajui nyumba yangu. Niachie."

"Sikuachii."

"Unajua watu watasema nini?"

"Najua. Nimewasikia miaka ishirini na saba." Vidole vya Mwanatatu havikulegea. "Waambie ni mimi niliyemwacha hivi. Waseme mimi. Mtoto hafutwi."

Bi Mwanasaumu alijing'oa mkono, akafunga chupa yake, akaenda zake bila kwaheri.

Siku ya tatu alfajiri mtoto alianza kuhema mbiombio. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na midomo ilipauka. Wakamhamishia wodi ya watoto wachanga, wakamtoa damu ya kupeleka maabara, wakamwanzishia antibayotiki kwenye mshipa. Siku hiyohiyo presha ya Jalila ikapanda mpaka kichwa kikamuuma kama kinapasuka, akalazwa wodi nyingine, asiruhusiwe kusimama.

Bi Mwanasaumu aliposikia alikuja mbio. Alimkuta Mwanatatu kwenye korido.

"Umeona?" Alikuwa akilia. "Umeona sasa? Uliacha uchafu mwilini mwa mtoto, umemwingia. Mjukuu wangu akifa, wallahi sitakusamehe duniani wala akhera."

Mwanatatu akahesabu moyoni.  Alimsugua mtoto wa Dhahabu, akafa. Hakumsugua wa Jalila, naye huyu anakufa. Labda muuguzi amekosea. Labda mikono yake yenyewe ndiyo yenye balaa, ifanye au isifanye. Akaikunja ndani ya leso yake, akaifunga kama mtu aliyeungua.

Siku ya tano daktari alipita akasimama kwenye kitanda kidogo cha kioo alimolala mtoto. Mwanatatu alimsikia akimwambia Sista Mapenzi, aliyekuwa zamu wodini humo, kwamba maambukizi hayajapungua, kwamba kuna vijidudu siku hizi vimezizoea dawa, vinaogelea ndani yake kama samaki, na kwamba majibu ya maabara yakitoka watabadilisha. Akaenda kitanda kingine.

"Sista, maana yake hana dawa?" Mwanatatu aliuliza.

"Maana yake bado hatujaipata. Tunaitafuta." Muuguzi alivuta pumzi. "Mama, nahitaji msaada wako. Mtoto anapoteza joto. Mama yake hawezi kuja. Anatakiwa alale kifuani pa mtu, ngozi kwa ngozi, saa nyingi. Joto linamsaidia mwili wake upigane wenyewe wakati sisi tunangoja majibu. Nawe ndiye uliye hapa."

"Si mimi," alisema Mwanatatu upesi. "Mtafute baba yake. Mtafute mwingine yeyote."

"Mbwana nimempigia, anakuja jioni. Mtoto hawezi kungoja jioni."

"Hujui mikono hii imefanya nini."

Ndipo akamwambia. Alisimulia akiwa amesimama, anatazama sakafu, kuanzia Dhahabu alivyomshika kiganja hadi siku ya matanga. Alisimulia na wale wa zamani, waliokuwa hawana hata majina. Alipomaliza, aliuliza, "Ni mimi niliyemuua?"

Sista Mapenzi hakumfariji haraka. "Sijui," alisema. "Alizaliwa nyumbani. Kitovu kilikatwa kwa kitu gani, kilifungwa kwa kitu gani, sijui. Vijidudu vina njia nyingi. Kumfuta kulimpunguzia ulinzi, hilo siwezi kukuficha. Kwamba ndiko kulikomuua, hakuna daktari atakayekuapia. Sasa nenda ukanawe mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, ukaikaushe vizuri, uje ukae kwenye kile kiti."

Mwanatatu alinawa. Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, akanawa tena. Alikaa, akafungua kifua, na muuguzi akamlaza mtoto pale kati ya matiti yake makavu, akawafunga pamoja kwa leso. Mtoto alikuwa mwepesi hata hakuhisi uzito, alihisi ubaridi tu. Mrija wa pumzi ulipita puani, sindano ilikuwa mguuni.

Mwanatatu aliyewabeba mamia ya watoto aliogopa kuhema, asije akamtikisa. Aliogopa jasho lake, na pumzi yake, na pia kumtazama. Kila mara mtoto alipoacha kupumua kwa sekunde mbili tatu, moyo wa bibi nao ulisimama, na aliposhtuka tena kwa kile kipumzi kidogo, naye akarudi duniani. Kwa saa sita hakutoka kwenye kiti. Alisoma kila aya aliyoijua, na zilipokwisha alianza upya. Machozi yalimdondoka yakamwangukia mtoto kichwani juu ya kofia, naye akashtuka kutaka kuyafuta, mkono ukabaki hewani, haujui kama uguse au usiguse.

Mbwana alifika jioni akampokea. Asubuhi Mwanatatu akarudi kwenye kiti. Siku ya saba majibu yalitoka. Kijidudu kikapatikana jina lake, na dawa moja ambayo kilikuwa bado hakijaizoea. Wakabadilisha. Siku mbili hakuna kilichoonekana kubadilika, na siku hizo mbili Mwanatatu alikunywa chai tu. Siku ya kumi mtoto alifumbua jicho, akaanza kutafuta ziwa kwenye kifua kisicho na maziwa, akamng'ata bibi yake kwa ufizi. Mwanatatu aliita kwa sauti ambayo wodi nzima iligeuka.

Siku ya ishirini na tatu Jalila, presha yake imekwisha kushuka, alimpeleka mwanawe nyumbani Timbwani, kilo mbili na kidogo. Wakamwita Mwanatumu. Bi Mwanasaumu alimpokea mlangoni na ubani. Hakumwomba mkwewe radhi, wala hakumsema tena mbele ya watu. Alimpa kiti kizuri, na hilo likatosha.

Lakini Mwanatatu hakupata raha. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba ya Dhahabu kwa kuzunguka, njia ya mashambani, ili asikutane naye. Wiki mbili alizunguka hivyo. Ijumaa moja, baada ya sala ya adhuhuri, miguu ikampeleka mbele.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, Bi Mwanatatu."

"Marahaba, mwanangu."

Dhahabu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Mwanatatu hakukaa. Alimweleza yote akiwa mlangoni: utando ni nini, una nini ndani yake, muuguzi alisema nini, na kile asichoweza kukiapia. Hakuacha neno. 

"Nimekuja unijue," alisema. "Ukitaka kunipeleka kwa mzee wa mtaa, nipeleke. Ukitaka kunitangaza msikitini, sawa."

Vidole vya Dhahabu viliendelea kutembea kwenye mchele, lakini havikuwa vinaokota kitu. Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Ni mimi niliyekwambia ufute," alisema hatimaye.

"Ulikuwa na hofu. Mimi ndiye niliyekuwa na mikono."

"Nilimsikia akilia." Dhahabu aliweka ungo chini. "Nikasema moyoni, alie tu, bora mavyaa asimwone. Hilo ndilo nililolisema, Bi Mwanatatu. Mwanangu ana dakika kumi duniani, nami namwogopa mavyaa."

Mwanatatu alitaka kumshika bega akasita, mkono ukarudi kwenye leso. Alingoja atukanwe. Alikuwa amejitayarisha kutukanwa njia nzima.

"Alikuwa nao mwingi?" Dhahabu aliuliza. "Huo utando?"

"Mwingi. Mwili mzima."

"Kumbe hakuja mikono mitupu," alisema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Alilia kwa muda mrefu, amejifunika uso kwa upindo wa leso. Mwanatatu alibaki amesimama palepale kizingitini. Hakujua kama aondoke au aingie, na kila alipowaza kuondoka aliona itakuwa ni kukimbia, na kila alipowaza kuingia aliona hana haki. Mwishowe Dhahabu, bila kufunua uso, alisogeza mkeka kwa mguu, ukabaki na nafasi ya mtu mmoja.

Bi Mwanatatu akavua viatu, akaingia, akakaa.